Wamazrui wa Mombasa na Al Mazrouei wa Ghuba: mwongozo kamili wa kufuatilia udugu kati ya koo zenye nisba moja

Mmazrui wa Mombasa, wa Takaungu au wa Gazi akishuka Abu Dhabi hachelewi kulikuta jina lake. Suhail Al Mazrouei, aliyeteuliwa kuwa waziri wa nishati wa Umoja wa Falme za Kiarabu mwaka 2013, analibeba, na wapo wengine wengi, kila mmoja na tahajia yake ya Kilatini. Akirudi nyumbani huwauliza wazee kama wale ni ndugu, na jibu analopewa mara nyingi ni la haraka: ndiyo, sote tumetoka Uarabuni. Jibu hilo halithibitishi kitu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulichunguza swali lenyewe hatua kwa hatua, kwa kuutumia ukoo wa Mazrui kama mfano kwa sababu kumbukumbu zake ni nyingi kuliko za koo nyingi za pwani. Lakini njia ni ile ile kwa Mnabahani, Mbarwani, Mmandhri au Jamalullayli anayetaka kujua kama jina lake na la mwenzake wa mbali vina shina moja.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba nisba, yaani lile jina la mwisho, ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika ushahidi. Udugu huthibitishwa na majina yaliyo kabla yake: la baba, la babu, la baba wa babu, na kuendelea hadi mtu mmoja mwenye jina anayetajwa na pande zote mbili.

Hatua ya kwanza: andika mnyororo wako kutoka chini kwenda juu

Chukua daftari, uanze na wewe mwenyewe, kisha baba yako, kisha babu, kila mtu katika mstari wake. Pembeni ya kila jina andika mambo matatu: alizaliwa au alifariki lini kwa makadirio, aliishi wapi, na nani aliyekuambia. Hilo la tatu ndilo watu hulisahau, nalo ndilo litakalokuokoa baada ya miaka mitatu utakapokuta majina mawili yanayopingana na hukumbuki lipi lilitoka kwa ami yako na lipi ulilinakili katika karatasi ya harusi.

Usiwaulize wanaume peke yao. Wanaume hupenda kukariri silsila, yaani mfululizo wa majina ya mababu, na silsila iliyokaririwa huwa imesuguliwa ikang'aa: majina yasiyo na sifa yameanguka njiani. Shangazi na bibi hukumbuka nani alimwoa nani, nani alikataliwa posa kwa sababu ya kufu, yaani kulingana hadhi, nani aliitwa binamu lakini hakupewa fungu katika mirathi. Maswali ya ndoa na urithi huonyesha mipaka halisi ya ukoo kuliko sifa za mababu.

Usitosheke na majina mawili. Mfano mzuri wa hatari yake umo ndani ya ukoo huu huu. Mwaka 1895, baada ya kufariki kwa Salim bin Khamis, liwali wa Takaungu, kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani wakati huo ilimsimamisha mwanawe, Rashid bin Salim. Aliyejiona ana haki zaidi alikuwa Mbaruk bin Rashid, mtoto wa kaka wa Salim huyo, naye akaingia vitani. Aliyekuja kuungana naye kutoka kusini alikuwa mkuu wa Gazi, jina lake pia Mbaruk bin Rashid. Huyu wa Gazi alikuwa mwana wa liwali wa mwisho wa Mombasa, aliyeondolewa na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, mwaka 1837, na liwali huyo aliitwa Rashid bin Salim. Kwa hiyo tuna Mbaruk bin Rashid wawili katika vita vimoja, upande mmoja, na Rashid bin Salim wawili waliopishana kwa karibu miaka sitini.

Mimi mwenyewe niliwahi kuchora shajara, yaani mti wa ukoo, ambamo Rashid bin Salim hao walikuwa mtu mmoja, nikajikuta na liwali aliyehamishwa hadi Bandar Abbas kisha akafufuka Takaungu. Jina la tatu ndilo lililoniumbua: wa Mombasa ni Rashid bin Salim bin Ahmed, na wa Takaungu ni Rashid bin Salim bin Khamis. Tangu siku hiyo sikubali kumuunganisha mtu na mtu kwa chini ya majina matatu mfululizo, pamoja na mahali au mwaka wa kumshikilia.

Hatua ya pili: lifahamu jina lenyewe

Nisba za Kiarabu zilizofika pwani ni za namna mbalimbali. Zipo za kabila, zipo za mahali kama Shirazi na Hadhrami, zipo za babu mashuhuri, na zipo lakabu zilizoganda. Jamalullayli, kwa mfano, ni lakabu iliyogeuka jina la mbari ya masharifu, ambayo leo inaonekana Lamu, Ngazija na hata katika nyumba ya kifalme ya Perlis, Malaysia. Nisba ya mahali haina uzito wowote katika udugu. Mashirazi wawili wanaweza wasiwe na hata babu mmoja wa karibu. Nisba ya kabila ina uzito kiasi. Ya babu mwenye jina ndiyo nzito.

Kisha liandike jina kwa herufi za Kiarabu kabla ya kulilinganisha na jina lolote. Mazrui kwa Kiarabu huandikwa al-Mazru‘i, yenye herufi ya ain karibu na mwisho, na wingi wake ni al-Mazari‘. Tahajia za Kilatini za Mazrui, Mazru'i, Mazrouei, Mazroui na Mazrooei zote ni neno hilo moja lililopita katika ofisi mbalimbali za pasi. Lakini mchezaji wa mpira wa Morocco, Noussair Mazraoui, ambaye jina lake kwa macho ya Kilatini linaonekana ni pacha wa haya, kwa Kiarabu ni Mazrawi, halina ain kabisa. Ni neno jingine. Msomaji wa Kilatini peke yake angemtia katika shajara bila kusita.

Ain hiyo inatuonyesha jambo la pili pia. Shina la neno ni lile linalozaa maneno ya kupanda na kulima. Jina lenye maana ya kawaida namna hii linaweza kuzuka mahali pengi, kwa watu wasiojuana, kwa hiyo hata tahajia ya Kiarabu ikilingana sawasawa bado hujathibitisha kitu; umepata tu ruhusa ya kuendelea kutafuta.

Hatua ya tatu: uliza nani mwingine aliruhusiwa kulibeba jina

Hapa ndipo watafiti wengi wa pwani hupita wakiwa wamefumba macho, na ni makosa. Koo kubwa zilikuwa na watu wengi chini ya kivuli chao: askari, watu waliojiweka chini ya ulinzi wao, watumwa walioachwa huru na wazalia wao. Katika sheria ya Kiislamu anayeachwa huru hubaki na uhusiano na aliyemwacha, uitwao wala, na mara nyingi alitajwa kwa nisba ya nyumba hiyo. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na serikali zikaanza kuwataka watu wote majina ya kuandikishwa, wengi waliandika nisba ya nyumba walikolelewa. Wazao wao wanalibeba jina kwa haki kamili, ila jina hilo halielezi damu. Uarabuni nako kabila dogo liliweza kuingia katika kabila kubwa kwa mkataba wa kulindana na baada ya vizazi vitatu likahesabiwa tawi lake.

Mtoto wa suria, yaani mtumwa wa kike aliyezaa na bwana wake, ni jambo tofauti, na lisichanganywe na hilo. Akikubaliwa na baba yake, yeye ni mwana halali, nasaba yake ni ya baba na hurithi kama nduguze. Masultani kadhaa wa Zanzibar walizaliwa na masuria. Ukikuta mzee anamtoa mtu kwenye ukoo kwa sababu ya mama yake, andika alichosema, lakini mtu huyo usimfute.

Hatua ya nne: weka fremu ya historia kila upande, ujue pa kutafutia

Upande wa Mombasa fremu ni hii. Waomani wa nasaba ya Yarubi waliitwaa Ngome ya Yesu kutoka kwa Wareno mwezi Desemba 1698, na mapokeo ya ukoo yanamtaja Nasir bin Abdallah al-Mazrui kuwa liwali wa mwanzo. Katika miaka ya 1730 uliwali ulishikwa na Muhammad bin Uthman, ambaye muongo uliofuata alikataa kumtambua Ahmad bin Said, Busaidi wa kwanza kutawala Oman, akauawa; nduguye Ali bin Uthman akairudisha ngome mikononi mwa ukoo. Wamazrui waliendelea kuitawala Mombasa hadi 1837, na kati ya 1824 na 1826 walikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza waliouomba wenyewe. Baada ya kushindwa, waliosalia waligawanyika, wengine Takaungu kaskazini, wengine Gazi kusini. Asili wanayoitaja ni Oman, upande wa Rustaq.

Upande wa Abu Dhabi, Mazari‘ wanahesabiwa kuwa tawi mojawapo la Bani Yas, shirikisho la makabila lenye mizizi katika mashamba ya mitende ya Liwa. Orodha za makabila zilizotungwa na maofisa wa Kiingereza wa Ghuba mwanzoni mwa karne ya 20 zinawataja hivyo.

Ukizilaza fremu hizi mbili sambamba, utaona kitu chenye faida kubwa. Kama koo hizi ni ndugu, mahali pa kuungana hapawezi kuwa Mombasa. Ni lazima pawe ndani ya Uarabuni, na kabla ya 1698. Sasa hesabu vizazi. Kizazi kimoja cha wanaume huchukuliwa kuwa miaka 30 hadi 33, hivyo mtu aliyezaliwa 1990 anahitaji majina yapatayo kumi ili kumfikia babu aliyezaliwa karibu na 1670. Nimeona shajara nyingi zenye majina sita ambazo jina la saba linaruka moja kwa moja hadi kwa "liwali wa Mombasa". Hapo katikati kuna vilembwe wasiozikwa popote. Ni ajabu pia kwamba kila mtu ametokana na liwali, na yule askari aliyesimama mlangoni pake hakuacha hata mjukuu.

Madhehebu ni dalili, si hoja. Wamazrui walifika pwani wakiwa Ibadhi, na wengi wao baadaye wakawa Shafii. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ni wa njia hiyo. Bani Yas kwa desturi ni Maliki. Tofauti hiyo inadokeza kwamba mazingira ya zamani ya koo hizi mbili hayakuwa mamoja, lakini kwa kuwa upande mmoja tunajua ulibadilika, haiwezi kuukataa udugu. Vivyo hivyo kwa mgawanyiko wa Wahinawi na Waghafiri, kambi mbili za makabila, uliotokea Oman karne ya 18: uliza kila ukoo ulikuwa upande gani, uandike, ila ukumbuke kwamba watu walihama upande.

Hatua ya tano: tafuta karatasi

Anza na za nyumbani. Hati za mauzo ya mashamba, vyeti vya ndoa vya kadhi, hukumu za mirathi na hati za wakfu ndizo bora kwa sababu mwandishi wake alilazimika kumtambulisha mtu asichanganywe na mwingine, kwa hiyo aliandika majina matatu au manne. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908 iliwataka wenye mashamba ya pwani ya Kenya kuwasilisha madai yao, na madai hayo yamejaa maelezo ya nani alirithi kwa nani. Mwaka 1914 ikafuata sheria maalumu ya amana ya ardhi ya Wamazrui huko Takaungu. Hapo kuwa Mmazrui kuligeuka kuwa haki juu ya udongo, na ndiyo sababu kumbukumbu za wakati huo zina thamani, na ndiyo sababu hiyo hiyo zinahitaji tahadhari: mtu anapodai shamba huikumbuka nasaba yake vizuri mno.

Nyaraka za Taifa za Kenya zilizoko Nairobi zina majalada ya utawala wa pwani. Nyaraka za Taifa za Zanzibar zina barua na hati za Kiarabu za karne ya 19. Mombasa, makaburi ya Wamazrui yaliyo karibu na Ngome ya Yesu yatazamwe asubuhi au jioni, jua likiwa limelala, kwa sababu maandishi yaliyofifia huonekana kwa kivuli. Piga picha kutoka ubavuni, na usisugue jiwe kwa brashi wala kulipaka chokaa. Kwa upande wa Ghuba, kumbukumbu nyingi za maofisa wa Kiingereza zimewekwa mtandaoni bila malipo katika maktaba ya kidijitali ya Qatar, na Oman ina mamlaka yake ya nyaraka huko Maskati. Sheikh Al-Amin mwenyewe aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake, na tafsiri yake ya Kiingereza ilichapishwa mwaka 1995. Isome kama ushahidi wa mtu wa ndani: ana alichokisikia kwa wazee ambacho hakuna ofisa wa kigeni aliyekisikia, na ana ukoo wa kuutetea.

Tarehe utakazokuta ni za Hijria. Ili kupata mwaka wa Miladia kwa makadirio, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622. Mwaka 1253 unakupa 1837, na 1110 unakupa 1698 au 1699. Andika tarehe zote mbili daima. Ukitupa ile ya asili hutaweza kukagua kosa lako.

Hatua ya sita: ipime shajara kabla ya kuiamini

Shajara nzuri ina mabonde: ndugu waliokufa bila watoto, tawi lililohama likapotea, mtu asiyejulikana mama yake. Shajara iliyonyooka kama mlingoti, yenye jina moja tu katika kila kizazi hadi kwa mfalme, imetengenezwa. Tazama hasa sehemu ya juu, kwenye kiungo cha pwani na Uarabuni, kwani ndipo majina hupachikwa.

Mfano wa kutisha kidogo ni wa Wanabahani. Habari za Pate, yaani masimulizi ya watawala wa mji wa Pate karibu na Lamu, zilizonukuliwa katika matoleo kadhaa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, zinasema Suleiman wa Nabahani alifika Pate akitokea kwenye ufalme wa Oman mwaka 600 wa Hijria, yaani karibu na 1204. Wanabahani kweli walitawala Oman kwa karne kadhaa, kwa muda mrefu wakiwa Bahla, hivyo habari yenyewe si ya ajabu. Lakini matoleo ya Habari hayakubaliani kuhusu miaka ya watawala, na wanahistoria waliozilinganisha na masalio ya kale wameona kwamba Wanabahani walianza kutawala Pate baadaye sana. Mtafiti makini hasemi Habari ni uongo wala hazichukui kama cheti cha kuzaliwa. Huandika kwamba mapokeo ya udugu yapo, kisha huliacha wazi pengo la miaka.

Jilazimishe kuwa na dhana tatu wakati wote: babu mmoja, mkataba wa kulindana au uhusiano wa wala, na sadfa ya jina. Kila ushahidi mpya uulize unaipa nguvu ipi kati ya hizo. Ushahidi unaofaa zote tatu, kama vile kufanana kwa sura, hauna kazi.

Hatua ya saba: vinasaba, kama mko tayari kwa majibu

Kipimo kinachofaa ni cha kromosomu Y, ambayo baba humpa mwanawe wa kiume karibu bila kubadilika, sawa na nisba inavyopita. Vipimo vya jumla vya asili havisaidii hapa, kwa kuwa baada ya vizazi kumi sehemu uliyorithi kwa babu mmoja ni ndogo mno. Usimpime mtu mmoja kila upande. Wapime angalau wawili upande wa Mombasa kutoka matawi yaliyoachana mapema, tuseme mmoja wa Takaungu na mmoja wa Gazi. Wakikubaliana wao kwa wao, una mstari wa ukoo. Kisha fanya hivyo hivyo Ghuba, ndipo ulinganishe mistari miwili.

Kipimo cha bei nafuu kinachohesabu alama chache kitakudanganya, kwa sababu Waarabu wengi wa rasi wamo katika kundi moja kubwa liitwalo J1, na wawili wasiohusiana huonekana jirani. Omba kile kinachosoma mabadiliko ya herufi moja moja za vinasaba kwa upana, kinachoweza kukadiria babu wa pamoja aliishi karne gani. Y hukataa vizuri kuliko inavyothibitisha: mistari ikiachana miaka elfu nne iliyopita, udugu wa baba wa karne ya 16 haupo kati ya watu hao waliopimwa. Utafiti wa mabaki ya watu wa kale wa pwani uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, ulionyesha kwamba asili ya upande wa mama ilikuwa zaidi ya Kiafrika na ya upande wa baba kwa sehemu kubwa ya Uajemi, kabla ya ile ya Uarabuni kuongezeka karne za baadaye. Msishangae basi mtu mwenye nisba ya Oman akitoa majibu ya kwingine. Kabla ya kutema mate kwenye kichupa, kubalianeni kwa maandishi nani ataona majibu na nani hataambiwa. Majibu ya aina hii yameshavunja mabaraza ya Idi.

Hatua ya nane: andika daraja la hitimisho, kisha wapelekee wenzako swali dogo

Mimi hutumia madaraja manne. Thabiti, pale babu wa pamoja anapotajwa kwa majina matatu katika kumbukumbu mbili zisizonakiliana. Yaelekea, pale kumbukumbu moja inapoungwa mkono na Y. Yawezekana, pale muda, mahali na jina vinaporuhusu lakini mtu wa kiungo hayupo. Na kwa ushahidi nilioutaja hapa, Mazrui wa Mombasa na Mazari‘ wa Bani Yas wamo katika daraja hili. La nne ni hakuna ushahidi.

Unapowaandikia walioko Ghuba, usiwaulize kama ninyi ni ndugu. Kwa adabu watakujibu ndiyo, na barua itakuwa imekwisha. Wapelekee majina yako kumi kwa herufi za Kiarabu, na tarehe za Hijria pale ulipo nazo, kisha uliza jambo moja linaloweza kujibiwa kwa kufungua karatasi: je, katika shajara yenu, miongoni mwa walioishi kabla ya mwaka 1110 wa Hijria, yupo aliyeandikwa kuwa alihamia upande wa Rustaq, na baba yake na babu yake waliitwa nani?